Kabla ya Kukariri Neno la Kiingereza, Uliza Limetoka Wapi

Wanafunzi wangu wengi hufika darasani na daftari la maneno. Kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake kwa Kiswahili, katikati mstari uliopigwa kwa rula. Wanakariri ukurasa baada ya ukurasa, na mwezi haujaisha nusu ya maneno yameshayeyuka. Si kwamba vichwa vyao ni vigumu. Neno lililokaririwa peke yake halina pa kujishikiza, halina ndugu wala historia, kwa hiyo halikai.

Kazi yangu ya mchana ni kutafsiri nyaraka. Jioni nafundisha Kiingereza watu wazima, na vijana wanapomaliza darasa la saba wakawa wanasubiri kidato cha kwanza, darasa hujaa wao. Katika kazi zote mbili hakuna mazoea yaliyonifaa kama haya ya kuuliza: neno hili limetoka wapi, na limepita kwa nani mpaka likafika hapa? Nitaeleza ninavyolitumia swali hilo. Nitasema pia pale linapompoteza mtu, maana linapoteza wengi, na baadhi yao huwa wameshika maikrofoni.

Anza na maneno uliyo nayo tayari

Kiswahili ni lugha ya Kibantu; Kiingereza kiko ukoo mmoja na Kijerumani na Kiholanzi. Kwa nasaba hazikutani. Lakini zote mbili zimekaa sokoni karne nyingi na zimechukua maneno kwa wafanyabiashara walewale: Waarabu, Waajemi, Wahindi, Wareno. Sisi tuliyapokea baharini moja kwa moja. Waingereza waliyapata kwa kuzunguka, kupitia Hispania, Italia, Ufaransa na Kilatini cha wasomi, na katika safari hiyo ndefu maneno yakabadilika sura hata tukikutana nayo leo hatuyatambui.

Chukua “sifuri”. Kwa Kiarabu “sifr” ni kitu kitupu. Ulaya ililipokea neno hilo kwa njia mbili, na Kiingereza kikabaki na watoto wawili wa mama mmoja: “zero” na “cipher”. Ukishalijua hilo, maana za “cipher” ambazo kwenye kamusi zinaonekana hazina uhusiano zinajipanga zenyewe. Kwanza ilikuwa sifuri, kisha tarakimu yoyote, kisha maandishi ya siri.

“Tariff” ni ndugu wa “taarifa”. Asili yao ni neno la Kiarabu la kujulisha. Bandarini huko Italia liliangukia kwenye orodha ya ushuru iliyotangazwa ili wenye mizigo wajue watalipa nini, na Waingereza wakalichukua likiwa na maana hiyo ya ushuru. Kwetu likabaki na kazi yake ya kwanza.

Ninalolipenda zaidi ni “magazine”. Kwa Kiarabu “makhzan” ni ghala, na wingi wake ni “makhazin”. Mzizi ni uleule wa “hazina” yetu. Waingereza walilipokea likiwa bado ghala, na ndiyo sababu kile kifuko cha risasi kwenye bunduki kinaitwa hivyo. Mwaka 1731, London, Edward Cave alianzisha The Gentleman's Magazine, akikusudia chapisho liwe ghala la maandishi ya kila aina, na kutoka hapo jarida likapata jina. Tangu nilipoanza kufundisha neno hili kupitia “hazina”, hakuna anayeniuliza tena bunduki na jarida wamekutana wapi.

“Admiral” ni “amiri”, yule yule tunayemsikia katika Amiri Jeshi Mkuu. Waarabu walikuwa na vyeo vilivyoanza na “amir al-”, amiri wa kitu fulani; Wazungu wakakata cheo katikati na kuondoka na kipande. Herufi ya mwisho ya “admiral” ni mabaki ya “al” hiyo. Na “monsoon”? Ni “msimu”. Kiarabu “mausim”, Wareno wakalitamka kwao “monção”, Waingereza wakalipokea na kulipa jina la pepo ambazo watu wa pwani yetu wanaziita kaskazi na kusi na ambazo ziliwaleta hao Waarabu wenyewe na majahazi yao.

Orodha ni ndefu: “sugar” na sukari, “coffee” na kahawa, “syrup” na sharubati. “Alcohol” inatoka kwa Kiarabu “al-kuhl”, yaani wanja. Wataalamu wa kale wa kemia walilitumia kwa unga wowote laini, baadaye kwa kiini chochote kilichokamuliwa kwa moto, hatimaye kwa kiini cha mvinyo. Nilipolieleza hili darasani mama mmoja alisema: “Kwa hiyo mwalimu, mimi nimepaka pombe machoni miaka yote hii?” Neno hilo hajalisahau.

Tahadhari moja. Kufanana si ushahidi. Watu wengi wanaamini “pesa” imetoka kwa “peso” ya Wahispania kwa vile inavyosikika, lakini imetoka “paisa” ya Wahindi, ambao ndio waliokuwa na maduka mwambao huu. “Much” ya Kiingereza na “mucho” ya Kihispania zina maana karibu moja na sura karibu moja, wala hazina undugu wowote. Kabla ya kuunganisha maneno mawili, jiulize watu hao walikutana wapi na lini. Kama huoni walipokutana, acha.

Kuna na kundi la pili, maneno tuliyoyapata kwa Waingereza huku wao nao wakiwa wameyaokota kwingine. “Faini” ni “fine”, kutoka Kilatini “finis”, mwisho. Yalikuwa malipo ya kumaliza shauri. “Fine” ile nyingine, ya kitu kizuri, imetoka hapohapo: kitu kilichofikia ukomo wa ubora. Hivyo anayejibu “I'm fine” na anayelipa faini barabarani wanatumia mzizi mmoja, ingawa nyuso hazifanani. “Benki” na “benchi” ni ndugu. Wabadilishaji fedha wa Italia walikaa nyuma ya benchi. “Hoteli”, “hosteli” na “hospitali” zote zinatoka neno la Kilatini la kukaribisha wageni. “Basi” ni kichekesho kabisa. Kilatini “omnibus” maana yake ni “kwa ajili ya wote”; Waingereza wakakata kichwa wakabakiza “bus”, ambacho ni kiambishi tamati tu kisicho na maana ya gari wala ya safari.

Halafu “shule”. Bara tumelipata kwa Wajerumani, Zanzibar wakalipata kwa Waingereza, ndiyo maana kule wanasema “skuli”. Neno moja limeingia nchini kwa milango miwili. Ukilifuata nyuma kupitia Kilatini unafika kwa Wagiriki, na kwao “skhole” ilikuwa wasaa, muda wa mtu asiye na kazi. Wanafunzi wangu hawalikubali hili kirahisi.

Kiingereza cha jikoni, Kiingereza cha ofisini

Hapa ndipo asili ya maneno inapomsaidia mtu hata kwenye mazungumzo ya kila siku, na nitakaa hapa kidogo.

Kiingereza kilifika kisiwa cha Uingereza katika karne ya 5 na makabila ya Angli, Saksoni na Juti, kutoka pande ambazo leo ni Ujerumani na Denmark. Hao waliacha maneno mafupi ya nyumbani: “eat”, “drink”, “house”, “water”, “mother”. Wakaja watu wa Skandinavia kwa majahazi, kwanza kupora, kisha kulima na kuoa, wakaacha “sky”, “knife”, “window”, na hata “they”, neno ambalo kwa kawaida lugha haiazimi. Mwaka 1066 William wa Normandy, mtawala aliyetoka upande wa Ufaransa, akashinda vita vya Hastings na kuitwaa Uingereza. Kwa karne kadhaa zilizofuata, ikulu na mahakama viliendeshwa kwa Kifaransa, na kanisa na elimu kwa Kilatini, huku mkulima akiendelea na Kiingereza chake shambani.

Matokeo yake ni lugha yenye tabaka. “Ask” ni la nyumbani, “inquire” la ofisini. “Begin” na “commence”. “Buy” na “purchase”. “Help” na “assist”. “End” na “terminate”. Kamusi itakuambia kila jozi ina maana moja, na itakuwa imekudanganya nusu.

Sisi Afrika Mashariki Kiingereza tulikipokea kupitia serikali, mahakama, kanisa na darasa. Tuliingia kwa mlango wa ofisini. Ndiyo maana kijana anamwandikia rafiki yake ujumbe wa simu, “Kindly assist me to purchase bread,” na sarufi yake haina kasoro hata moja, ila sauti ni ya karani wa mahakama. Mwenye kukulia kwenye lugha angesema “Can you help me buy some bread?” na maneno yake yote ni ya wale watu wa karne ya 5. Ukiwa unaandika barua ya kuomba kazi au mkataba, rudi kwenye “assist” na “purchase”. Huko ndiko kwao. Ninachowaambia wanafunzi ni kwamba neno jipya likiingia daftarini liandikiwe herufi moja pembeni: J kwa jikoni, O kwa ofisi. Asili ndiyo inayokuonyesha uweke ipi. Si kanuni isiyovunjika, maana “table” na “face” ni za Kifaransa na ziko nyumbani kabisa, lakini mara nyingi neno refu lenye sura ya Kilatini ni la O.

Mfano unaopendwa ni wa nyama: mnyama akiwa zizini anaitwa “cow”, “sheep”, “pig”, kwa Kiingereza cha mchungaji, akifika mezani ni “beef”, “mutton”, “pork”, kwa Kifaransa cha mla nyama. Ni mfano mzuri na nautumia, ingawa hupambwa kuliko ulivyokuwa. Karne nyingi baada ya Hastings “mutton” ilikuwa bado ikitumika hata kwa kondoo anayetembea.

Kwa watafsiri wenzangu wanaoanza, tabaka hizi zina somo la kuokoa muda. Wanasheria wa Kiingereza walizoea kuweka neno la wenyeji na la kigeni bega kwa bega: “will and testament”, “goods and chattels”. Mtafsiri mgeni hutafuta maneno mawili ya Kiswahili, anahangaika usiku kucha, mwisho anaandika “wosia na usia”. Ni kitu kimoja! Andika “wosia”, endelea. “Chattel”, kwa njia, ni ndugu wa “cattle”, na “cattle” hapo zamani ilikuwa mali yoyote kabla ya kubaki kwa ng'ombe. Mfugaji wa Usukumani halihitaji somo hili, kwake mali na ng'ombe havijawahi kuachana.

Na usidhani Waingereza wenyewe walielewana. William Caxton, aliyeleta mashine ya kuchapa Uingereza mwaka 1476, amesimulia katika dibaji ya kitabu chake kimoja cha mwaka 1490 habari za wafanyabiashara waliokwama kwa kukosa upepo kwenye mto Thames. Mmoja akaenda nyumba ya karibu kuomba mayai, akasema “egges”. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, maana naye Kifaransa hakijui, anataka mayai tu. Ndipo mwingine akasema wanataka “eyren”, na mama akaelewa. “Egges” lilikuwa neno la Waskandinavia, “eyren” la wenyeji. Caxton akauliza: sasa mtu aandike lipi?

Herufi zisizotamkwa zina ndugu zinapotamkwa

Caxton na wachapaji wenzake walianza kugandisha tahajia wakati matamshi yalikuwa bado yanatembea. Kati ya karne ya 15 na ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama karibu zote, maandishi yakabaki palepale. K ya “know”, “knee” na “knight” ilikuwa ikitamkwa kweli. Wajerumani mpaka leo wanaitamka katika “Knie”, goti.

Nyingine hazikutamkwa hata siku moja. “Debt” ilitoka Kifaransa “dette”, bila b. Wasomi waliokuwa wakikiabudu Kilatini wakaipachika b ili ifanane na “debitum”. Ndivyo p ilivyoingia “receipt”. Katika “island” walikosea kabisa: walidhani linatokana na “isle”, wakaongeza s, kumbe neno lenyewe ni la kale la Kiingereza na halijawahi kuwa na s. Sisi tulipoandika “risiti” tuliandika tulichosikia, tukawaachia wenyewe p yao.

Mbinu ninayofundisha ni hii. Ukikutana na herufi bubu, usiikariri. Mtafute ndugu yake ambaye ndani yake inasikika. “Debt” ana “debit”, ambaye kila mhasibu anamjua. “Receipt” ana “reception”. “Sign” ana “signature”. “Doubt” ana “dubious”. “Muscle” ana “muscular”. “Autumn” ana “autumnal”. Ukimkumbuka ndugu, herufi haikupotei kwenye mtihani, na umepata maneno mawili kwa jasho la moja. (“Muscle”, kwa Kilatini, ni panya mdogo. Kunja mkono uone anavyokimbia chini ya ngozi.)

Maana ya zamani si lazima iwe maana ya leo

Kuna ugonjwa unaowapata wanaoanza kupenda asili za maneno. Wanaanza kuamini kwamba maana ya kwanza ndiyo ya kweli na nyingine zote ni uharibifu. “Nice” inatoka Kilatini “nescius”, asiyejua. Iliingia Kiingereza ikiwa na maana ya mjinga, ikahamia kwa mtu mwenye kuchagua sana, ikawa ya kitu chenye uangalifu, na katika karne ya 18 ikawa ya kupendeza. Sasa mtu akikuambia “You look nice” usimpeleke baraza la usuluhishi. “Girl” zamani ilikuwa mtoto yeyote, wa kiume au wa kike. “Silly” ilikuwa mwenye heri. Maana ni ile ambayo wasemaji wa leo wanaikubali. Asili inakusaidia kukumbuka na kuona uhusiano, basi.

Lakini maana za zamani ni lazima uzijue unaposoma maandishi ya zamani, na hapa nawasema hasa wasomaji wa Biblia ya King James ya mwaka 1611, ambayo makanisa mengi ya kwetu bado yanaipenda. Katika Mambo ya Walawi sura ya 2 mna “meat offering”, na ukisoma maelezo yake unakuta unga, mafuta na ubani, nyama hakuna. “Meat” wakati ule ilikuwa chakula chochote. Biblia ya Kiswahili inasema sawasawa: sadaka ya unga. Katika Wathesalonike wa Kwanza 4:15 mna “prevent”, ambayo leo ni kuzuia, na msomaji anashangaa walio hai wanawazuiaje wafu. Kilatini “praevenire” ni kutangulia, na ndivyo Kiswahili kilivyoandika. Nimewahi kusikia mahubiri marefu yaliyojengwa juu ya nyama isiyokuwepo. Kabla ya kujenga, fungua Biblia ya Kiswahili uweke kando ya ile ya 1611.

Hadithi tamu kupita kiasi

Sasa hao wenye maikrofoni. Utasikia kwamba “family” ni kifupi cha “Father And Mother I Love You”. Utasikia kwamba “Bible” ni “Basic Instructions Before Leaving Earth”. Ukumbi unapiga makofi, watu wanaandika. “Family” inatoka Kilatini “familia”, nayo inatoka “famulus”, mtumishi; kwa Warumi ilikuwa kaya nzima pamoja na watumwa wake. “Bible” ni Kigiriki “biblia”, vitabu. Mhubiri ana haki ya kucheza na herufi kama anavyotaka, sina ugomvi naye, mradi asiseme kwamba ndiko neno lilikotoka.

“News” si kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Ni “new” katika wingi, mambo mapya. “Golf” si kifupi cha “Gentlemen Only, Ladies Forbidden”, yaani kuwakataza wanawake kuingia. Neno hilo lipo katika sheria ya bunge la Scotland ya mwaka 1457 iliyopiga mchezo wenyewe marufuku. “SOS”, ile ishara ya meli kuomba msaada, haikuwa kifupi cha sentensi yoyote, ilichaguliwa kwa sababu mlio wake wa Morse, alama za nukta na vistari, ni rahisi kutuma na kutambua. “Salary” kweli inahusiana na Kilatini cha chumvi, lakini ile picha ya askari wa Kirumi anayekabidhiwa mfuko wa chumvi mwisho wa mwezi haina ushahidi wa wakati wao.

Nadhani najua kwa nini hadithi hizi zinatupata sisi kirahisi. Kiswahili cha leo kinaunda maneno hivyohivyo: UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini, TANU ilikuwa jina refu lililofupishwa. Tumezoea kwamba nyuma ya neno kuna sentensi. Kiingereza kilianza tabia hiyo kwa wingi karne ya 20 tu, na maneno kama “radar”. Kwa hiyo kipimo changu ni chepesi: neno likiwa na umri wa karne kadhaa na mtu akakuambia ni kifupisho, usiamini mpaka aonyeshe maandishi. Isipokuwa “OK”. Hilo limeonyeshwa. Lilichapwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, likiwa kifupi cha “oll korrect”, utani wa kukosea tahajia makusudi uliokuwa mtindo wa vijana wa mji ule.

Kwa anayesubiri kidato cha kwanza

Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza mara moja. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani anakutana na “photosynthesis” na kujiona amekuwa mjinga. Mzazi, mwambie anayo tayari. Alifundishwa usanisinuru: nuru ni “photo”, sanisi ni “synthesis”. Walioliunda neno la Kiswahili walifuata Kigiriki kipande kwa kipande. Kipimajoto ni “thermometer”, joto na kipimo. Pembetatu ni “triangle”, tatu na pembe. Hata darubini, ambalo halikuundwa na kamati yoyote, kwa Kiajemi ni “kuona mbali”, na “telescope” kwa Kigiriki ni hivyohivyo.

Akae na vipande hivi: “photo” mwanga, “thermo” joto, “hydro” maji, “bio” uhai, “geo” ardhi, “micro” dogo, “tele” mbali, “graph” kuandika. Aongeze “-itis”, uvimbe wenye maumivu, na atafungua “gastritis”, “arthritis”, “tonsillitis” kabla mwalimu hajaeleza. “Hippopotamus” ni farasi wa mtoni, “rhinoceros” ni pembe ya pua. “Malaria” ni Kiitaliano cha hewa mbaya, kwa kuwa watu walilaumu harufu ya vinamasi mpaka Ronald Ross alipowaona wadudu wa malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897. “Vaccine” inatoka Kilatini cha ng'ombe, “vacca”, kwa sababu mwaka 1796 Edward Jenner alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Hapo mtoto amepata neno, na amepata historia ya biolojia bila kujua kwamba anasoma.

Pa kutafutia

Ukiwa na simu, fungua Online Etymology Dictionary ya Mmarekani Douglas Harper. Ni bure na ni nyepesi kusoma. Wiktionary nayo ni bure na inataja hata Kiarabu na Kiajemi kwa hati zake. Mfalme wa kamusi zote ni Oxford English Dictionary, iliyoanza kuchapwa kwa vipande mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928. Mhariri wake James Murray hakuishi kuiona imekwisha. Watu wa kujitolea walimtumia vipande vya karatasi kwa posta, kila kimoja na sentensi waliyoikuta kitabuni, ili kila maana iwe na shahidi.

Ukisoma kamusi hizi, kumbuka mambo machache. Tarehe unayoiona si siku neno lilipozaliwa, ni maandishi ya zamani zaidi yaliyopatikana. Neno laweza kuwa lilisemwa miaka mingi kabla. Kinyota mbele ya mzizi kina maana kwamba hakuna aliyewahi kuukuta umeandikwa, wataalamu wameukisia kwa kulinganisha lugha ndugu. Na kamusi nzuri haioni haya kusema asili haijulikani. “Dog” ni mojawapo: lilijitokeza ghafla, likamsukuma “hound” pembeni, na hakuna anayejua lilikotoka.

Daftarini weka safu tatu badala ya mbili. Maana kama kawaida. Kisha asili kwa maneno yasiyozidi matano. Kisha ndugu mmoja, wa Kiswahili akipatikana, wa Kiingereza asipopatikana. Usichukue maneno ishirini kwa siku. Chukua machache, na yale ambayo umekutana nayo kweli, kwenye barua ya benki, kwenye lebo ya dawa, kwenye fomu. Safu ya tatu ikikaa wazi, iache wazi. Mara nyingi ndugu anajitokeza mwenyewe wiki kadhaa baadaye ukiwa unatafuta neno jingine kabisa.